Kikapu Kwenye Ukuta wa Pwani

Sajini Makarius aliteremka kwenye Landrova mbele ya duka la Isihaka, Kibondo, saa nne asubuhi, tope magotini na hasira kooni. Kutoka Kasulu walikuwa wamesukuma gari mara tano. Konstebo Bazilio, aliyekuwa akiendesha, alijaribu kumfanyia mzaha kwamba serikali imewanunulia Landrova waitembeze. Sajini hakucheka. Leo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi asubuhi mahabusu Ndayiragije angepandishwa gari kwenda Kigoma kujibu kesi ya kuua. Mtu akishafika Kigoma na jalada limefungwa, kulifungua tena ni sawa na kumwomba fisi arudishe mfupa.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Gharibu, dereva wa lori, mtu wa Pangani aliyehamia Kibondo miaka kumi na mmoja iliyopita, alikutwa Ijumaa ya wiki jana amekufa kando ya kijito huko Makere, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Alhamisi, siku moja kabla, alikuwa mgeni wa heshima nyumbani kwa Ndayiragije, seremala aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mtoto wa seremala alikuwa anapewa jina. Jua lilipoanza kuzama mwenye nyumba akamsindikiza mgeni wake mpaka kijitoni, akarudi peke yake. Basi. Mkimbizi, mwenye nyundo, mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Mkuu wa kituo alisema kesi hii imejiandika yenyewe.

Kilichomkera Makarius ni kikapu.

Uwimana, mke wa seremala, alikuja kituoni Kasulu akiwa na kichanga mgongoni, akaeleza kwamba Gharibu aliondoka kwake akiwa na kikapu chake mkononi. Agaseke, alikiita, kama wanavyokiita wenyewe: kikapu kidogo cha kusukwa, chenye kifuniko kilichochongoka juu. Ndani alitia ulezi wa mbegu. Kisha akauliza kikapu chake kitarudi lini. Kituo kizima kikaangua kicheko. "Mume yuko ndani kwa kuua, yeye analilia kikapu!" alisema mmoja, na wengine wakagongana mabega.

Makarius hakugongana bega na mtu. Yeye ni Muha wa Titye. Alilelewa akijua kwamba kikapu cha namna ile hakitolewi moja kwa moja. Mgeni anapewa kikiwa na kitu, na siku moja anakirudisha kikiwa na kitu. Kukibakiza ni aibu, kukirudisha kitupu ni tusi. Mama yule hakuwa akililia ukindu. Alikuwa anasema: kitafuteni kikapu kilikokwenda, mtamwona aliyekwenda nacho.

Kando ya mwili hapakuwa na kikapu. Nyumbani kwa seremala hapakuwa na kikapu. "Amekichoma," alisema mkuu wa kituo. Lakini balozi wa nyumba kumi, mzee Melkiadi, aliongeza jambo moja. Siku ile alifika kwenye sherehe baada ya saa tisa alasiri, akitoka mkutano wa kata, akaandika barua ya kushuhudia jina la mtoto, nakala mbili. Gharibu alitia sahihi zote mbili. Moja akapewa mama wa mtoto. "Ya pili niliitia kikapuni kwa mkono wangu, juu ya ulezi," alisema balozi, "nikafunga kifuniko kwa uzi wa mgomba."

Nakala ya mama sasa ilikuwa ndani ya jalada, kwapani mwa Sajini.

"Karibu, karibu Sajini," Isihaka alisema kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kiua, mwenye duka na mwenye nyumba. "Msiba huu umetuvunja. Mpangaji wa miaka kumi na mmoja! Hakuwahi kunipandishia sauti."

"Nataka kuona alipokaa."

"Si mlishamkamata muuaji?"

"Tumekamata mtu," Makarius alisema. "Nipe ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwa bibi Siti, mke wa Isihaka, mama wa Ujiji wa makamo, aliyekuwa uani akichambua mchele kwenye ungo. Sajini alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba na dua juu yake. Mama aliongoza njia huku akijifunga upya kanga kiunoni.

"Utaona maajabu, mwanangu," alisema. "Chumba ni hiki hiki kimoja na sebule ya kugeukia tu, lakini Gharibu aliitia dunia nzima humu."

Akafungua mlango.

Sebule ilikuwa ndogo kiasi kwamba Bazilio alibaki mlangoni. Kiti kimoja, meza moja, mkeka. Lakini kuta! Toka usawa wa kiuno mpaka kwenye boriti zilijaa vitu. Kome kubwa la baharini. Kawa la kufunikia chakula, lenye rangi nyekundu na zambarau. Kinyago cha mpingo. Kibuyu cha asali. Kipande cha nguo ya gome la mti. Mtumbwi mdogo wa kuchongwa, wenye makasia yake. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa uzi wa katani na kutundikwa kwenye kijiti kilichochomekwa ukutani.

"Kila safari kitu kimoja," alisema bibi Siti. "Sio viwili. Akirudi na viwili kimoja ananipa mimi. Ananiita, 'Mama Siti, njoo uone nilikotoka.' Ukuta huu wa mlangoni ni Pwani: Pangani, Tanga, Dar es Salaam. Ule wa nyuma ni reli: Dodoma, Tabora. Wa dirishani ni Ziwa la Mwanza na Bukoba. Na huu unaopakana na chumba cha kulala ni kwetu huku: Ujiji, Uvinza, Kasulu. Nilimwambia oa, mwanangu, upate mtu wa kukufutia vumbi. Akasema mke atakuja akute nyumba imeshapambwa. Masikini ya Mungu."

Mama alijifuta macho kwa pembe ya kanga. Makarius alimwacha alie kidogo. Yeye alikuwa anahesabu vijiti.

Kwenye ukuta wa reli kijiti kimoja kilikuwa kitupu. Chini yake chokaa ilikuwa nyeupe kuliko penginepo, kipande cha pembe nne, ukubwa wa daftari.

"Hapa palikuwa na nini?"

Bibi Siti akatazama. "Muulize mwenye duka."

Sajini akaenda kumuuliza mwenye duka, na mwenye duka akaanza kutoka jasho. Mara hakukumbuka. Mara palikuwa na kalenda. Mara labda wezi, maana siku hizi Kibondo nayo imeharibika. Bazilio alimtazama mkubwa wake kwa macho ya tumempata.

"Mzee Isihaka," Makarius alisema, "kuna mtu atanyongwa. Sitaki kalenda."

Isihaka akainama chini ya kaunta, akatoa picha kwenye fremu iliyofungwa gazeti. Gharibu, amevaa koti la kuazima, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, studio moja ya Tabora. Anacheka kwa meno yote.

"Ana mama Pangani," Isihaka alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua mkija mtabeba kila kitu mkakiweke stoo kwenu, na vitu vya stoo kwenu... nisamehe, Sajini, lakini tunavijua. Nikasema hiki kimoja mama yake akipate. Niliona haya kusema."

Makarius aliitazama picha ile muda mrefu. Akaifunga tena gazeti.

"Itume," alisema. "Ila siku nyingine usinipotezee nusu saa."

Alirudi sebuleni akiwa amekasirika zaidi, safari hii kwa sababu alikuwa amempenda marehemu. Akaanza upya, ukuta kwa ukuta, kitu kwa kitu. Ukuta wa kwetu huku: mtumbwi wa Ujiji, jiwe la chumvi la Uvinza, kijiko cha mti, kigoda kidogo alichokitambua kwa alama za patasi, kama za vigoda vya nyumbani kwake, kuwa ni kazi ya Ndayiragije. Hakuna kikapu. Dirishani hakuna. Kwenye reli hakuna. Akageukia mlango ili atoke, akausogeza, na hapo akakiona, kwa sababu mlango ulipokuwa wazi ulikuwa umekifunika.

Kilining'inia katikati ya kome la Pangani na kawa la Tanga. Kikapu kidogo, kimo cha shubiri moja, kimesukwa kwa ustadi, michirizi myeusi inazunguka kama ngazi. Kifuniko chake kilichochongoka kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mgomba, na kwenye ncha ya kifuniko, papo hapo kwenye ncha, msumari ulikuwa umepenya na kuingia ukutani.

"Yoo!" Makarius alisema, na neno lenyewe lilimtoka kwa Kiha.

"Nini, Afande?" Bazilio aliuliza.

"Usiguse. Mama Siti, njoo. Gharibu alikuwa anapiga misumari humu?"

"Msumari? Thubutu! Mume wangu alimkataza tangu siku ya kwanza, ukuta ni wa udongo, ukipiga msumari unabomoka. Ndiyo maana ya hivi vijiti. Anatoboa taratibu kwa kisu, anachomeka." Kisha akaona, akashika kiuno. "Ala! Huo umepigwa na nani?"

"Ndicho ninachouliza."

Bibi Siti akafikiri, na uso wake ukabadilika. "Ijumaa," alisema. "Ijumaa ya wiki jana, nimemaliza kuswali alfajiri, lori likaingia uani. Akaja Tamimu, yule dereva msaidizi wake. Ana begi la Gharibu na chupa yake ya chai, na mkononi kikapu. Kasema Gharibu kabaki Kasulu ana shughuli, kamtanguliza na mzigo. Nikampa ufunguo. Nikasikia ko, ko, ko. Nikajisemea, huyu Tamimu anafanya nini? Gharibu hagongi. Kisha nikaenda kuwasha moto, nikasahau. Jioni ndipo ikaja habari ya msiba."

"Tamimu yuko wapi?"

"Si huyo nyuma ya nyumba, chini ya lori? Anangoja tajiri alete dereva mwingine."

Makarius alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika kidevu. Maelezo ya Tamimu yalikuwa ukurasa wa nne wa jalada, mafupi na masafi: lori lilitoka Uvinza na chumvi, Alhamisi saa sita mchana, Kasulu, Gharibu akashuka, akasema atajitafutia njia ya kwenda Makere kwa rafiki yake, yeye Tamimu akaendelea na lori, akakwama kwenye tope, akafika Kibondo alfajiri, Gharibu hakumwona tena. Kweli, Makere hakuna aliyeliona lori. Gharibu alifika kwenye sherehe kwa miguu.

"Twende tukamkamate," Bazilio alinong'ona.

"Kwa lipi? Atasema alikiokota barabarani. Atasema alipewa na mtu. Uongo wa mtu mwenye akili unabadilika kila ukimgusa." Makarius alivuta kiti, akakaa mezani, akatoa karatasi na kalamu ya wino. "Tumpe nafasi auandike na autie sahihi. Mwite. Mwambie namwomba anisaidie kuorodhesha vitu vya marehemu, vipelekwe kwa mama yake. Na umwite mzee Isihaka awe shahidi. Kwa upole, Bazilio. Wewe ukimwita mtu kwa upole anadhani umekula mali yake, lakini jitahidi."

Tamimu alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye suruali pana chini na maneno ya haraka. Alikuja Kigoma kufuata kazi miaka miwili iliyopita, na bado aliwaita watu wote wa huku "ndugu zetu wa bara."

"Pole sana, Sajini. Kaka yangu yule. Nimekosa usingizi wiki nzima."

"Pole na wewe. Kaa. Mimi ni mtu wa shamba, vitu hivi sivijui. Wewe ulikuwa unasafiri naye. Nitakuwa nakugusia, wewe unaniambia kimetoka wapi."

Wakaanza. Tamimu alifanya kazi ile vizuri, na akaanza kuifurahia. Kinyago ni cha Dar, alikinunua mbele yangu, muuzaji alitaka kumlalia, mimi nikamtetea. Kibuyu ni cha Tabora, stesheni. Gome la mti ni Bukoba, gari lilikuwa limekatika springi, tulikaa siku tatu. Sajini aliandika kila neno polepole, ulimi pembeni ya mdomo, kama mtu asiyezoea kalamu. Isihaka alikaa kwenye mkeka akishangaa serikali imeanza lini kuwa na huruma hivi.

Walipofika ukuta wa mlangoni Makarius alionyesha kome. Pangani. Akaonyesha kawa. Tanga.

"Na hiki?"

Tamimu hakusita hata kidogo. "Ah, hicho ndicho cha safari ya mwisho. Unajua kaka Gharibu, safari bila kitu haikamiliki. Alinipa kwa mkono wake. Akaniambia, Tamimu, katundike, mimi nakuja."

"Alikupa wapi?"

"Si pale pale Kasulu, tulipoachana."

"Saa?"

"Saa sita. Sita na nusu haijafika."

"Alikinunua pale Kasulu?"

"Sokoni. Nilikuwa nimesimama naye."

"Nawe ukakitundika mwenyewe, Ijumaa alfajiri."

"Mimi mwenyewe. Niliona hapo pana nafasi. Wasia wa mtu, Sajini. Sikujua kuwa ndio wasia."

Alisema hivyo akainamisha kichwa. Makarius aliandika mpaka nukta ya mwisho, akageuza karatasi.

"Nisomee kama nimekosea. Kisha tia sahihi, na mzee Isihaka atashuhudia."

Tamimu akasoma, akatia sahihi yenye mikia. Isihaka akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu. Sajini akapuliza wino ukauke. Hapo ndipo akainuka, akafunga mlango, na Bazilio akaegemea mlango huo kwa mgongo.

"Ulikifungua?" Makarius aliuliza.

"Kipi?"

"Kikapu."

"Cha nini? Si pambo tu?"

"Pambo." Sajini alitamka neno lile kana kwamba limemwingilia jinoni. "Tamimu, umekaa kwetu miaka miwili. Hukuwahi kualikwa kula kwa mtu? Kikapu hiki hakiuzwi sokoni kimefungwa. Hiki ni cha mtu. Kina mwenyewe, anakingoja. Gharibu alikuwa mtu wa Pangani, lakini alikaa na sisi akatujua. Angekiweka hapo mezani mpaka siku ya kukirudisha. Asingekitundika. Na akikitundika, asingekitundika ukuta wa Pwani kitu cha Makere. Na hata kama angelewa akakosea ukuta, asingepigilia msumari kwenye kikapu cha mke wa rafiki yake! Wewe uliona nafasi ukajaza."

"Cha Makere? Nani kasema cha Makere? Nimekwambia, sokoni Kasulu..."

"Mzee Isihaka, sogea uone kwa macho yako."

Makarius aling'oa msumari kwa vidole. Ulikuwa mpana kichwa, mfupi, msumari wa bodi ya lori. Akauweka juu ya karatasi. Akafungua uzi wa mgomba, taratibu, akainua kifuniko. Harufu ya ulezi mkavu ikatoka. Juu ya ulezi palikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne.

Aliikunjua, akasoma kwa sauti, bila haraka:

"Makere, tarehe 13 Machi 1975. Mimi Melkiadi, balozi wa nyumba kumi, nashuhudia kwamba leo alasiri mtoto wa kiume wa Ndayiragije na Uwimana amepewa jina Ndihokubwayo. Shahidi wa wazazi ni ndugu yao Gharibu, aliyewapakia bure katika lori siku walipovuka mpaka na kuwafikisha salama. Ametia sahihi mbele yangu."

Kisha akafungua jalada, akalaza nakala ya Uwimana pembeni. Mwandiko mmoja. Sahihi moja.

"Balozi alifika kwenye sherehe baada ya saa tisa," alisema. "Aliandika hii, akaitia humu kwa mkono wake, akafunga. Wewe umetia sahihi kwamba kikapu hiki kilikuwa mkononi mwako Kasulu saa sita mchana. Saa sita mchana karatasi hii ilikuwa haijaandikwa, Tamimu. Sasa niambie ulikitoa wapi."

 Tamimu aliutazama mlango, akamtazama Bazilio, ambaye alikuwa na upana wa mlango.

"Nilikiokota."

"Umeshatia sahihi kwamba ulipewa."

"Nilichanganyikiwa..."

"Gharibu alikwenda kwenye sherehe kwa miguu, na lori wewe ulilificha. Wapi?"

Tamimu akainamia kitambaa chake chenye grisi.

"Bazilio," Sajini alisema, macho hayajatoka kwa Tamimu, "kapande juu ya lori. Toa chumvi ya juu, uone chini kuna nini. Na uniletee spana ya magurudumu."

"Usipande," Tamimu alisema.  Alikaa chini kwenye mkeka, karibu na Isihaka, na Isihaka akasogea mbali. "Ni kahawa. Magunia kumi na mawili. Kuna watu wanaivusha Burundi. Nilimshusha mbele kidogo akaenda kwa miguu, nikamwambia nitamngoja kijitoni, kisha lori nikaliingiza porini, nyuma ya kijito, nikapakia. Nilidhani atalala huko huko kwenye pombe yao. Akarudi mapema, na kikapu chake, anaimba. Akaona magunia."

"Akasema nini?"

"Akasema tushushe. Nilimwambia tugawane, akakataa. Nikamwambia basi nyamaza tu, kaka, safari hii moja. Akasema akifika Kibondo anakwenda kwa katibu wa chama na polisi." Tamimu alifunika uso. "Angenyamaza tu! Alinipa mgongo aanze kufungua turubali. Wallahi sikukusudia."

"Ulikusudia kiasi cha kubeba begi lake na chupa yake ya chai," Makarius alisema. "Na kikapu?"

"Kilikuwa kwenye kiti. Nilijua bibi Siti ataingia kufagia. Asipoona kitu kipya ukutani atauliza. Kila mtu Kibondo anajua, Gharibu harudi mikono mitupu."

Nje ya dirisha bibi Siti, ambaye alikuwa amesimama pale muda wote na ungo wake, alitoa sauti moja ya maumivu. Kisha akaanza kumtukana Tamimu, na matusi ya Kiujiji yana urefu wake. Isihaka ilimbidi atoke kumshika. Makarius alimwacha aseme. Kwa mara ya kwanza siku ile alisikia mwili wake umechoka.

Magunia yalikuwa kumi na mawili, kama alivyosema. Spana ilikuwa imeoshwa, lakini kwenye shingo yake, ndani ya grisi, palikuwa na unywele. Sajini akaifunga kwenye karatasi, akaandika namba. Kikapu akakifunga upya kwa uzi wake, akakitia ndani ya mfuko wa kaki, akaandika namba nyingine. Mkono wake ulisita kidogo juu ya neno KIELELEZO. Akaliandika.

Ijumaa mchana, Kasulu, mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Tamimu mara mbili. Akauliza kama kweli kesi nzima imegeuzwa na kikapu. Makarius akajibu ndiyo. Mkuu akavuta fomu ya kumwachia mahabusu, akatia sahihi bila kuinua macho, akasema chumba cha mahabusu kinahitaji chokaa. Hivyo ndivyo alivyoomba radhi.

Saa kumi alasiri Landrova ilifika Makere. Nyumba ya seremala ilikuwa kando ya migomba, nyasi za paa bado mpya. Uwimana alikuwa uani akipura maharage, mtoto amelala kwenye mkeka. Alipoliona gari la polisi aliacha fimbo ikaanguka. Hakukimbia wala hakusogea.

"Mwiriwe, mama," Makarius alisema, akisogea peke yake.

"Mwiriwe, Afande." Aliutafuta uso wake. "Wamempeleka Kigoma?"

"Nimekuja kwa habari ya kikapu. Kimeonekana. Kibondo."

"Ego," aliitikia ndiyo kwa lugha yake. "Kiko wapi?"

"Serikali imekikopa. Kuna kesi, si ya mumeo, ya mtu mwingine, na kikapu ndiye shahidi. Kikimaliza kusema nitakileta mwenyewe."

Uwimana aliyapanga maneno yale. Macho yalianza kujaa, lakini mdomo haukukubali kulegea. Alikuwa amechekwa kituoni kwao, na hakuwa amesahau.

"Serikali nayo," alisema, "itanirudishia kitupu? Kama watu wasio na kwao?"

"Mimi ni wa Titye, mama. Nikirudisha kikapu kitupu mama yangu hatanifungulia mlango." Makarius aligeuka akamwashiria Bazilio. "Cha kutia ndani nimekitanguliza."

Bazilio akafungua mlango wa nyuma. Ndayiragije akateremka, miguu peku, shati lile lile la siku ya sherehe, akasimama kwenye jua akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa. Alitazama nyumba, akatazama maharage, akatazama mkewe.

Uwimana hakupiga vigelegele wala hakumkimbilia. Aliinama, akamchukua mtoto kwenye mkeka, akavuka uwanja na kumpa baba yake amshike. Alipohakikisha amemshika vizuri, ndipo akalia.